Daftari la Elimu ya Afrika Mashariki Limo Mikononi mwa Nani?

Mwaka 2014 Benki ya Dunia, ikishirikiana na kampuni ya uchapishaji ya Elsevier ya Uholanzi, ilitoa taarifa ambayo kwa kuitazama juu juu mtu angedhani ni shauri la maprofesa peke yao. Kilichohesabiwa humo ni makala za kisayansi zilizoandikwa na wataalamu wa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara tangu mwaka 2003 hadi 2012: zilikuwa ngapi, zilihusu fani gani, na nani aliandika pamoja na nani.

Taarifa hiyo ilikuwa na habari njema. Katika muda huo idadi ya makala iliongezeka zaidi ya maradufu, na fungu la nchi hizo katika maandishi yote ya kisayansi duniani likapanda kutoka asilimia 0.44 hadi asilimia 0.72. Fungu hilo bado ni dogo mno kwa watu ambao ni kiasi cha asilimia 12 ya wakazi wote wa dunia. Hata hivyo mwendo wake ulikuwa wa kwenda mbele.

Lakini ndani ya taarifa hiyo hiyo zimo tarakimu mbili nyingine, nazo ndizo zilizotufanya tuandike leo. Katika mwaka 2012, asilimia 70 ya makala zote za Afrika Mashariki ziliandikwa kwa ushirikiano na washirika wa kimataifa. Makala ambazo wataalamu wa kanda yetu waliziandika pamoja na Waafrika wenzao wa nchi nyingine, bila ya kuwamo mshirika wa Afrika Kusini wala wa kimataifa, zilikuwa asilimia 2 tu. Kwa maneno mengine, ilikuwa rahisi zaidi kwa mtaalamu wa Entebbe kuandika pamoja na mwenzake wa London au wa Atlanta kuliko kuandika na mwenzake wa Mwanza, ambaye wanatazamana naye ng'ambo ya ziwa lile lile.

Sisi twaona kwamba jambo hili lawahusu askari wa ulinzi na askari polisi kama linavyowahusu walimu wa vyuo vikuu. Ugonjwa wa ng'ombe hauombi kibali mpakani. Mbu na popo hawana pasi za kusafiria. Nchi isiyojua jirani yake amegundua nini kuhusu adui wa namna hiyo ni sawa na kikosi kinacholala bila ya habari za doria ya kikosi cha pembeni.

HESABU HUFANYWAJE?

Askari hufundishwa mapema kwamba taarifa ya upelelezi haipimwi kwa maneno yake tu. Huulizwa pia ni nani aliyeileta, na alisimama wapi alipotazama. Tarakimu hizi nazo yafaa zipimwe kwa kipimo hicho.

Elimu ya kuhesabu maandishi ya kitaalamu si ya jana. Mwaka 1934 mkutubi mmoja wa London, Samuel Bradford, alionyesha kwamba katika fani yoyote majarida machache hubeba sehemu kubwa ya makala zenye maana, na yaliyosalia hutawanyika katika majarida mengi mengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Eugene Garfield wa Philadelphia, Marekani, alianzisha faharasa kubwa iliyoonyesha kila makala ilitajwa na makala zipi nyingine zilizoifuata. Kwa kuwa haikuwezekana kuhesabu kila jarida la dunia, yalichaguliwa yale yaliyotajwa zaidi. Leo madaftari makubwa ya namna hiyo ni mawili: lile lililotokana na kazi ya Garfield, na lile la Elsevier liitwalo Scopus, lililoanza mwaka 2004. Taarifa ya mwaka 2014 ilitegemea hilo la pili.

Hapo pana jambo la kuangaliwa. Jarida huingizwa daftarini kwa kutimiza masharti ya wenye daftari, na wenye daftari wako mbali. Tangu mwaka 1998 kumekuwako hifadhi ya majarida ya Kiafrika katika mtandao, ambayo sasa makao yake yako Afrika Kusini, nayo ina majarida zaidi ya 500. Mengi kati ya hayo hayamo katika madaftari makubwa tuliyoyataja. Makala iliyoandikwa kwa Kiswahili, hata iwe na elimu nzito kiasi gani, aghalabu haionekani humo kabisa. Kwa hiyo asilimia 0.72 si kipimo cha elimu yote ya Waafrika. Ni kipimo cha ile iliyoonekana na mlinzi aliyesimama kwenye mnara fulani.

Vivyo hivyo asilimia 2 haimaanishi kwamba majirani hawakutani kamwe. Mara nyingi Mkenya, Mganda na Mtanzania wamo pamoja katika makala moja, ila yupo pia mshirika wa Ulaya au Marekani aliyeleta fedha na aliyeuliza swali la kwanza. Majirani wakutana, lakini sebuleni kwa mtu wa tatu.

UGONJWA WA HAPA, MAANDISHI YA KULE

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Afrika Mashariki imekuwa na mali nyingi ya elimu, na historia ya magonjwa yatuonyesha mali hiyo iliandikwa wapi.

Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, kutokana na kondoo waliokufa karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya. Virusi vya Zika vilipatikana mwaka 1947 kwa nyani aliyewekwa katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, Uganda. Mwaka 1952 watu wa nyanda za juu za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, walishikwa na homa iliyowakunja viungo, na ugonjwa ukapewa jina la chikungunya kutokana na lugha yao wenyewe. Habari za Zika zilichapishwa London mwaka 1952 katika jarida la chama cha kifalme cha magonjwa ya nchi za joto. Za chikungunya zikatoka katika jarida hilo hilo mwaka 1955.

Hatuwalaumu watafiti wale kwa kuandika. Lau wasingeandika, dunia isingekuwa na pa kuanzia mwaka 2016, Zika ilipoenea Amerika ya Kusini na Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Tunachosema ni kwamba msitu ulikuwa wetu, mbu walikuwa wetu, wagonjwa walikuwa ndugu zetu, na daftari lilikuwa ng'ambo ya bahari. Ambaye hakuwa na njia ya kulifikia daftari hilo alikuwa kama hakuandikiwa.

FUNZO LA MONROVIA

Kama yupo anayedhani kwamba umbali wa daftari hauna madhara, na aangalie yaliyoipata Liberia. Ni kweli kwamba nchi hiyo iko mbali nasi, katika Afrika Magharibi. Lakini hatulijui tukio jingine linaloonyesha wazi zaidi jinsi makala isiyosomwa inavyoweza kuwa mzigo wa askari.

Mwaka 1982 wanasayansi wa Ulaya walichapisha katika jarida la Ulaya matokeo ya kupima damu ya watu wa Liberia. Walikuta dalili kwamba baadhi yao walikwisha kukutana na virusi vya Ebola, na wakashauri kwamba Liberia ihesabiwe miongoni mwa nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Baada ya hapo miaka thelathini na zaidi ilipita. Ebola ilipoingia Liberia mwaka 2014, walioongoza idara ya afya waliamini kwamba ugonjwa huo haujapata kufika katika sehemu ile ya Afrika.

Mwezi Aprili 2015 Mganga Mkuu wa Liberia, Dkt. Bernice Dahn, pamoja na wenzake wawili walieleza jambo hilo katika gazeti la New York Times. Walisema kwamba maandishi ya onyo yalikuwako, lakini hapana Mliberia aliyekuwa miongoni mwa waandishi wake. Na kwamba kuipata moja ya makala hizo kwa njia ya mtandao kungegharimu dola 45, yaani karibu nusu ya mshahara wa juma moja wa daktari wa nchi hiyo.

Wakati huo askari walikuwa wapi? Mwezi Agosti 2014 jeshi na polisi waliamriwa kulizingira eneo la West Point katika mji mkuu, Monrovia, mahali palipokaliwa na makumi ya maelfu ya watu. Wananchi walishikwa na hofu, zikatokea ghasia, na kijana wa miaka 15 akapigwa risasi akafariki. Baada ya siku chache mzingiro uliondolewa. Katika nchi tatu za ukanda ule watu zaidi ya 11,000 walikwisha kufa hadi ugonjwa ulipokoma.

Hatudai kwamba makala moja ingezuia msiba wote ule. Lakini ni dhahiri kwamba mganga aliyeonywa hujiandaa, na mahali palipoandaliwa askari hahitaji kuzuia kwa mtutu kile ambacho kingezuiwa kwa elimu.

MAJIRANI WALIPOFANYA PAMOJA

Turudi kwetu. Zamani kanda hii ilikuwa na daftari lake na mafundi wake. Jarida la kitabibu lililoanzishwa Kenya mwaka 1923 lilikua likawa jarida la Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1935 kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, kilianza kutoa jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Baadaye vituo vya pamoja viligawanywa katika kanda: virusi Entebbe, samaki wa maji baridi Jinja, malale Tororo, mifugo na kilimo Muguga karibu na Nairobi, malaria Amani, madawa ya kuulia wadudu Arusha.

Matunda yake yalionekana. Ugonjwa wa ndigana kali, unaoletwa na kupe, umewaua ndama wengi mno katika nchi zetu. Wataalamu wa Muguga walibuni njia ya kumkinga ng'ombe kwa kumpa vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe pamoja na dawa ya kuvidhibiti. Chanjo hiyo ilichanganya mbegu tatu za vijidudu, na asili ya moja kati ya hizo ilikuwa Serengeti, Tanzania. Mpaka leo chanjo hiyo huitwa kwa jina la Muguga. Wafugaji wa Kimasai wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia kwa wingi, na baadaye kazi ya kuitengeneza ikawekwa Lilongwe, Malawi. Hapo mfugaji wa nchi moja alilindwa kwa elimu iliyokusanywa katika nchi mbili na kutunzwa katika ya tatu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya zamani ilivunjika, na vituo vyake vikawa mali ya nchi vilimokuwamo. Kenya na Tanzania zote mbili ziliunda taasisi zao za utafiti wa tiba katika mwaka mmoja, 1979, kila moja upande wake wa mpaka. Taasisi hizo zimefanya kazi ya kusifiwa. Lakini njia iliyokuwa ikitoka Muguga hadi Arusha na Entebbe bila kikwazo iliota majani, na katika miaka iliyofuata washirika wa mbali ndio waliokuwa na fedha za kuifyeka.

Fedha ndiyo sababu kubwa. Katika Mpango wa Lagos wa mwaka 1980, viongozi wa Afrika walikubaliana kwamba kila nchi ifikie kutumia asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2010, Kenya, iliyokuwa miongoni mwa nchi zilizotangulia barani, ilikuwa imefikia asilimia 0.79. Pengo linalobaki hujazwa na mgeni, na mgeni anayelipa ndiye achaguaye swali. Taarifa ile ya 2014 ilionyesha kwamba, ukiiacha Afrika Kusini, sayansi za maumbile, uhandisi na hesabu zilikuwa asilimia 29 tu ya utafiti wa nchi hizi, wakati afya ilichukua fungu kubwa kuliko yote. Afya ni jambo jema. Lakini madaraja, mitambo, udongo na maji navyo vina maswali yake.

NANI AKAA MBELE?

Katika makala ya kisayansi nafasi ya jina ina maana, kama vile nafasi ya mtu katika gwaride. Kwa desturi ya fani nyingi, jina la kwanza ni la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na la mwisho ni la mkuu aliyeiongoza. Waliomo katikati ni wasaidizi.

Mwaka 2019 jarida la BMJ Global Health lilitoa uchambuzi wa makala 7,100 za utafiti wa afya zilizofanywa kwa ushirikiano barani Afrika katika miaka ya 2014 hadi 2016. Waandishi wa kwanza waliotoka katika nchi iliyochunguzwa walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Lakini pale ambapo washirika walitoka katika vyuo vikuu vya juu kabisa vya Marekani, walishuka wakawa asilimia 23 tu. Kadiri mgeni alivyokuwa mkubwa, ndivyo mwenyeji alivyorudishwa nyuma katika safu.

Twajua pia kwamba mwenyeji akipewa nafasi ya mbele hushika. Mwaka 1963 mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba, aliona kwamba maziwa aliyoyaweka yakiwa moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Alichekwa. Baadaye Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alimsikiliza badala ya kumcheka, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha jambo hilo katika jarida la fizikia la Uingereza, jina la Mpemba likiwa la kwanza. Wataalamu wanabishana mpaka leo kuhusu jambo lenyewe, lakini kila wanapobishana hulitaja kwa jina la kijana yule.

POPO NA MIPAKA YETU

Yale ya Liberia yasidhaniwe kuwa ni hadithi ya mbali. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua homa ya Marburg. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani na wenzao wa Uganda walichapisha habari kwamba virusi hivyo walivikuta katika popo walao matunda waliokaa ndani ya mgodi ule. Safari hii jarida lilikuwa la wazi, lisomwalo bila malipo.

Mwaka 2023 Marburg ilizuka Kagera, Tanzania, watu sita wakafa. Mwaka 2024 ilizuka Rwanda. Katika watu 66 walioambukizwa, 15 walifariki, na wengi wa waliougua walikuwa wahudumu wa afya. Uchunguzi ulirudi tena kwenye mgodi wenye popo. Januari 2025 ikaonekana tena Kagera. Tazameni ramani: Kitaka, Kagera na Rwanda ni eneo moja ambalo mikono ya wanadamu imelichora mistari.

Hatusemi kwamba waganga wa Kagera au wa Kigali hawakuijua habari ya Kitaka. Rwanda ilisifiwa kwa wepesi wake wa kukabiliana na ugonjwa. Tunasema kwamba popo ni wale wale, na kwa hiyo uchunguzi wao ungestahili kuwa mmoja, wenye ratiba moja na daftari moja, unaoendelea hata wakati hapana mgonjwa na hapana mgeni aliyeleta fedha. Mlinzi hawekwi langoni baada ya adui kuingia.

YATUPASA NINI?

Vyombo vya kuanzia vipo. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa mwaka 2000 ina Tume ya Sayansi na Teknolojia mjini Kigali na Tume ya Utafiti wa Afya mjini Bujumbura, na kila tume ina jarida lake. Tanzania ina tume ya sayansi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na Kenya na Uganda zina mamlaka zinazotoa vibali vya utafiti. Kibali ndicho silaha ya mwenye nyumba. Mtafiti yeyote, wa mbali au wa karibu, angeweza kutakiwa aache nakala ya matokeo yake mahali panaposomeka bila malipo, aandike muhtasari kwa Kiswahili, na aonyeshe ni mtaalamu gani wa nchi jirani aliyeshirikishwa pale jambo linapovuka mpaka.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni ya haki. Mtaalamu kijana hupandishwa cheo kwa makala zinazoonekana katika madaftari makubwa ya dunia. Tukimwambia aandike nyumbani tu, tutakuwa tumemfungia dirisha. Nasi hatumwambii hivyo. Aandike kote kuwili, ila vyuo vyetu viache kuihesabu makala ya jarida la kanda kuwa si kitu, maana jarida lisilopewa makala nzuri haliwezi kamwe kuwa jarida zuri.

Kwa upande wa askari, wajibu nao upo. Ninyi ndio mnaowasindikiza watafiti msituni na mapangoni, mnaosimamia vizuizi vya mifugo na mnaokaa vituo vya mpakani. Matabibu wa majeshi yetu huona homa ambazo hospitali za mijini hazizioni. Yaandikeni mnayoyaona, kwa tarehe na mahali, na yafikisheni kwa wakubwa wenu wa tiba ili yapate njia ya kufika kwa watafiti wa nchi zote zinazohusika. Na pale mtakapoombwa damu au ulinzi kwa ajili ya utafiti, ombeni kupitia ngazi zenu nakala ya matokeo. Ombi hilo ni halali kabisa.

Zile asilimia 2 za mwaka 2012 zinaweza kupanda bila ya kungoja fedha nyingi. Barua kutoka Mwanza kwenda Entebbe, nakala ya makala iliyopelekwa Bujumbura, daktari wa kikosi cha upande mmoja wa mpaka aliyejua jina la mwenzake wa upande wa pili: mambo hayo ni ya bei ndogo. Ulinzi wa kanda hii waweza kuanzia hapo, kabla mgonjwa wa kwanza hajafika kizuizini.